Kimfuko Changu Mnadani

Leo nimekwisha, jamani. Nimekwisha mbele ya kanisa zima, mchana kweupe, na gauni nimelivaa.

Naongea kwenye redio kaseti ya mume wangu, Baba Neema. Betri ni mpya. Kanda ilikuwa na kwaya anayoipenda, nimeifuta (hajajua bado). Kuandika nimeshindwa, maneno ni mengi kuliko kalamu. Kanda hii ni yenu nyie wenzangu wa wodini, tuliolala pamoja kule Dar tukifundishana kupandisha mkono ukutani kidogo kidogo huku tunalia. Nyie mnajua nilichokiacha kule hospitali. Huku Myamba alikuwa anajua mume wangu peke yake. Nasema alikuwa, maana kuanzia leo wanajua mpaka mbuzi.

Nisikilizeni kwanza. Msianze kucheka.

Mnakumbuka niliwaambia kwamba huku niliaga nakwenda kutibiwa vidonda vya tumbo. Uongo ule nimeutunza vizuri tangu nirudi. Si kwamba napenda uongo. Kuna mama mmoja wa kitongoji cha chini alipata ugonjwa kama wetu, watu wakajua, na papo hapo wakaanza kumsema kwa "alikuwa". Alikuwa mpole. Alikuwa anapika makande matamu. Mwenyewe yupo shambani anapalilia, anawasikia! Na mimi ni fundi cherehani. Nani atampelekea kitambaa fundi ambaye ameshaanza kusemwa kwa "alikuwa"? Wangekuja mbio kuchukua vitambaa vyao nisije nikafa navyo. Nikasema hapana, mimi nina vidonda vya tumbo, basi.

Shida ilikuwa mama mkwe.

Mama mkwe nyumba yake iko juu ya yetu kidogo. Akisimama mlangoni kwake anaona mpaka ninachopika. Yeye hakuambiwa kitu. Alichoona ni mkamwana aliyekwenda Dar akarudi hawezi kubeba ndoo, hachanji kuni, hanyanyui mkono hata kuanika shuka kwenye kamba. Siku moja akanisimamia pale uani.

"Mama Neema, hao madaktari wa Dar walikutibu tumbo au walikutoa mifupa ya mkono?"

"Tumbo, mama."

Akasonya. Msonyo wa mama mkwe wangu unasikika mpaka ng'ambo ya korongo. Tangu siku hiyo salamu zetu zikawa shikamoo, marahaba, na kila mtu kwake. Iliniuma, nawaambia kweli. Iliniuma kuliko mshono.

Haya, sasa upande wa nguo. Nyie mnajua kovu lilivyo na maringo. Halitaki lastiki, halitaki mshono, halitaki hata kitambaa kipya. Basi nimefumua nguo zangu zote. Magauni ya kuvalia kichwani nimeyapasua mbele nikaweka vifungo, maana mkono haupandi. Makwapa nimeyapanua, na sleevu ya kushoto nimeiongeza kitambaa kwa sababu ya ule uvimbe wa jioni. Mishono ya ndani ya upande ule nimeigeuza yote ikatazama nje, nikaifunika kwa vipande vya khanga kuukuu iliyolainika. Sidiria nimeing'oa waya, nimeing'oa lastiki ya chini, nimeweka utepe wa fulana. Mtu akinitazama kwa nje anaona mshono mpya wa mjini. Kuna wateja wameshaniomba niwashonee hivyo hivyo! (Nimewatoza.)

Na hapo ndipo ninapomshangaa Mungu. Miaka ile ya foleni, sabuni hakuna, kitambaa hakuna, gauni moja linavaliwa mpaka linasahau rangi yake, mimi nilikuwa na mwili kamili na sina cha kuuvika. Sasa ruhusa ya kuleta nguo za nje imetolewa, marobota ya mitumba yanapanda mlimani kila siku ya gulio, sidiria za Ulaya zimemwagwa chini kwenye turubai unachagua kwa mguu, na mimi ndiyo kwanza nina mwili ambao hakuna nguo hata moja iliyoshonwa kwa ajili yake! Bahati gani hii?

Tatizo kubwa likawa cha kujazia. Mwanzo nilijaza sufi. Sufi ni laini lakini haina uzito. Na milima hii yetu ni panda shuka, panda shuka, kila ukipanda na sidiria inapanda. Siku moja nilifika gulioni titi la kushoto liko karibu na bega. Nilidhani watu wananitazama kwa sababu ya gauni. Ndipo nikamkumbuka yule nesi wetu mzee aliyesema tuweke kitu kizito kwa chini. Sasa mimi mtu wa milimani, kitu kizito nilicho nacho ndani ni nini? Maharage.

Nikashona kimfuko. Jamani, nilishona! Nilikata vipande vinne, nikaviunga vikatoa umbo lenyewe, nikaweka sufi upande wa ngozi na maharage upande wa chini. Kwa nje nikatumia bitana ya koti la mtumba, ile inayong'aa na kuteleza, ili isisugue kovu. Halafu katikati, pale penyewe, nikaweka kifungo kidogo cha kahawia. (Msiniulize kwa nini. Hakuna ambaye angekiona. Fundi haachi kazi nusu, basi.)

Na ndani ya sidiria nikashonea mfuko wa kukishikilia. Mambo yakawa mazuri. Nikatembea, nikapanda, nikashuka, titi limetulia mahali pake.

Leo sasa. Leo ilikuwa Jumapili ya mavuno.

Asubuhi nimeamka kovu linawasha. Ule mshono wa mfuko wa ndani ya sidiria ulikuwa unanikwaruza. Nikachukua wembe nikaufumua. Nikajiambia kimfuko kitakaa chenyewe, gauni litakibana. (Gauni nililolipanua kwapa mimi mwenyewe. Kwa mikono yangu hii!)

Tukaenda. Mama mkwe mbele, mkungu wa ndizi kichwani, umri wake ule. Mimi nyuma na kikapu kidogo cha tangawizi kwenye mkono wa kulia. Aligeuka akakitazama kikapu, akanitazama mimi, akaendelea na safari.

Kanisani kwetu wanaume wanakaa upande wao na wanawake upande wetu. Ikafika zamu ya wanawake kupeleka mazao madhabahuni. Na hayapelekwi kwa kutembea. Kwaya inaimba, sisi tunacheza, mtu anayumba na kikapu chake mpaka mbele, anainama, anaweka, anarudi akicheza. Na mimi nikacheza! Siku nyingi sikuwa nimecheza. Nilifurahi, siwafichi, nilijisikia mzima. Nikainama pale mbele, nikaweka tangawizi yangu juu ya lundo, nikageuka, nikarudi nikiyumba vizuri kabisa.

Sasa nyie mnajua ule upande ulivyokufa ganzi. Mtu anaweza kunimwagia chai pale nisijue mpaka nione mvuke. Kwa hiyo sikusikia kitu.

Nimekaa kwenye benchi. Mchungaji akatangaza somo. Nikainama nifungue Biblia. Na nikaona tumbo langu. Upande wa kushoto nililiona tumbo langu moja kwa moja, hakuna kizuizi!

Nikavuta khanga haraka nikajifunika, nikatazama chini ya benchi. Hakuna. Nikatazama njia niliyopita. Hakuna. Nikanyanyua macho mpaka mbele, kwenye lile lundo. Kati ya boga na debe la mahindi, kimelala chali. Kifungo juu.

Sijui mchungaji alihubiri nini. Najua tu kwamba alihubiri kwa muda mrefu na kila mara alinyoosha mkono kuelekea kwenye lundo akisema, "Tazameni baraka hizi!" Watu wote wanatazama. Mimi nafumba macho.

Mpango wangu ulikuwa huu: ibada ikiisha, nipite mbele kama naomba, nikibebe, nikifiche ndani ya khanga. Lakini wazee wa kanisa leo walikuwa na haraka. Ile baraka ya mwisho haijaisha vizuri wameshakomba kila kitu wamepeleka nje kwenye majani, kwa ajili ya mnada.

Mnada wa mavuno huku si mchezo, ndiyo starehe yetu. Hakuna anayekwenda nyumbani. Kila kilichotolewa sadaka kinauzwa, na anayenadi ni Mzee Eliakimu, mzee wa kanisa mwenye upara na mdomo unaoweza kuuza hata moshi. Akauza ndizi za mama mkwe. Akauza boga. Akauza tangawizi yangu, sikusikia hata imekwenda bei gani.

Nikaanza kumpa ishara Baba Neema, aliyekaa ng'ambo kwa wanaume. Nikamwonyesha kidole pale kwenye mazao, kilipolala kando ya jogoo wa sadaka. Nikajigusa kifuani. Nikasugua vidole, maana yake nunua, toa hela, fanya haraka. Mume wangu ni mwalimu, mtu msomi. Akatazama nilikoonyesha. Akanitazama. Akaitikia kwa kichwa kwa nguvu, kama anasema nimeelewa mke wangu, usihofu. Akasimama.

"Jogoo!" akasema. "Namchukua jogoo!"

Mzee Eliakimu akamwambia jogoo zamu yake bado. Baba Neema akasema hapana, mke wake anamtaka huyo huyo, tena sasa hivi. Akatoa hela zote zilizokuwa mfukoni. Akanyanyua jogoo juu nimwone, anatabasamu mpaka magego. Nilimtazama yule mwanaume niliyeolewa naye. Yaani baba wa mtoto wangu.

Na ndipo Mzee Eliakimu alipoinama akakinyanyua.

"Na hiki?" Akakigeuza. Akakipima kiganjani. "Nani kaleta hiki?"

Watu wakageukiana. (Mimi nikageukia ukuta wa kanisa.)

"Ndani kuna maharage," akasema akikibonyeza. "Nayasikia. Na kuna kitu laini."

"Ni mto wa pini!" akasema mama mmoja wa kwaya.

"Pini gani hizo za kulalia mto mkubwa hivyo? Ni kofia ya mtoto!"

"Ni ngata ya kubebea ndoo!"

Mzee Eliakimu akasema tujaribu. Akakiweka kichwani, juu ya upara. Jamani, kilikaa! Kilikaa kama nilimpima! Akaanza kutembea nacho mbele ya usharika wote, kashika kiuno, anayumba kama mama anayetoka kuchota maji, kifungo kinatazama mbinguni. Watu walivunjika mbavu. Mchungaji anafuta machozi. Mama mkwe wangu, ambaye sijaona meno yake tangu nirudi kutoka Dar, anacheka mpaka kamwegemea jirani yake.

Na mimi nikacheka. Ningefanyaje? Nikacheka kwa sauti kuliko wote.

"Ila hiki kimeshonwa na fundi," akasema Mzee Eliakimu akikishusha. "Tazameni mkono huu. Mshono hauonekani!"

Nilijisikia vizuri kidogo. (Ndiyo, hata pale. Ndivyo nilivyo.)

"Nani anaanza? Mia!"

Nikanyoosha mkono wa kulia. Nilikuwa na vijihela vya sadaka nimevifunga kwenye pindo la khanga, na mwanaume niliyemtegemea kashika jogoo.

"Mia, Mama Neema! Nani anaongeza?"

"Mia mbili!"

Huyo ni Shedraki. Shedraki anauza mitumba. Zamani alikuwa anatembeza chumvi kwa mguu, sasa ana duka na mkanda wa ngozi, na kila mnada lazima anunue kitu kwa kelele ili watu wakumbuke kwamba ana duka.

"Mia tatu," nikasema.

"Mia tano! Mama Neema, unakitaka cha nini?"

"Nimekipenda tu!"

"Basi na mimi nimekipenda. Elfu moja!"

Watu wakapiga makofi. Nikafungua pindo la khanga, nikahesabu kwa kidole, nikalifunga tena. Mzee Eliakimu akasema moja, akasema mbili, akapiga debe kwa fimbo. Kikaenda. Mwili wangu ukaenda kwa muuza mitumba.

Halafu Shedraki akasimama akajiweka sawa mkanda. "Namzawadia mchungaji!"

Huku kwetu ndivyo inavyokuwa, mtu akitaka kuonekana ananunua kitu anamzawadia mchungaji au mgeni. Vigelegele! Mchungaji akaja mbele, akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakikumbatia kifuani. Upande wa kushoto. (Kilimkaa na yeye.)

Nitawaambia ukweli, pale nikaanza kupumua. Nikajiambia basi, yameisha. Kitakwenda nyumbani kwa mchungaji, mkewe atakifanya mto wa pini, mimi nitajifunika khanga mpaka nyumbani nishone kingine. Siri imepona. Hata nikanyoosha miguu kwenye majani.

"Sasa haya maharage," mchungaji akasema, "ni mbegu gani? Nina kijishamba nataka kupanda."

"Tufungue tuone," akasema Mzee Eliakimu.

Akatoa kisu. Alikuwa nacho pale cha kukatia miwa. Akakichukua kimfuko, akakilaza kwenye kiganja, akaweka ncha ya kisu pale pembeni ya kifungo.

Sijui nini kilinipata. Nilikuwa nimekwisha kupona! Ningekaa kimya tu! Lakini nilikiona kile kisu pale, nikamkumbuka yule daktari na kalamu yake alivyonichora mstari asubuhi ile, na nyie mkanishika mkono mmoja mmoja mpaka mlangoni. Miguu ikanyanyuka yenyewe. Na mdomo nao.

"Msilikate! Limeshakatwa mara moja, msilikate tena!"

Mzee Eliakimu akasimamisha kisu. "Nini kilichokatwa, mama?"

"Titi langu!"

Nimesema. Tena sikusema, nilipiga kelele. Korongo likaitikia. Titi langu, titi langu, mpaka kule chini.

Mzee Eliakimu alitazama kiganja chake, akatazama kifuani kwangu pale khanga ilipokuwa imeteleza, akatazama tena kiganja, na nilimwona anavyokumbuka kwamba alikuwa amekivaa kichwani. Alipauka. Mchungaji akashusha mikono yake polepole kutoka kifuani. Yule mama wa mto wa pini akafunika mdomo. Na mimi nimesimama katikati ya majani, upande mmoja mlima na upande mmoja uwanda, sina pa kuingia. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka.

Baba Neema akasimama na jogoo wake. Sasa ndiyo alikuwa ameelewa.

Halafu nikaona mtu anatembea kuja mbele. Mama mkwe. Taratibu, hana haraka. Akafika kwa Mzee Eliakimu akanyoosha kiganja.

"Lete."

Akapewa. Akakifuta kwenye gauni lake, mbele na nyuma, kama anafuta sahani ya mgeni. Akaja kwangu. Akavua khanga yake ya mabegani akanifunga kifuani, akakaza fundo, akanishika mkono wa kulia.

"Mnada uendelee," akasema bila kugeuka.

Nyuma nikamsikia Shedraki anauliza, "Sasa elfu yangu je?" na mchungaji anamjibu, "Kaa chini, Shedraki."

Tukateremka. Mama mkwe mbele kanishika mkono, mimi katikati, Baba Neema nyuma na jogoo anayepiga kelele njia nzima. Ukungu ulikuwa unashuka, sikuona hata nakanyaga wapi. Niliogopa, jamani. Niliogopa kuliko siku ile ya kalamu. Nikawaza, akifika nyumbani atalia, atatandika majamvi, ataita ndugu, na kesho nitaamka nimeshakuwa "alikuwa".

Tukaingia jikoni kwangu. Akamwambia mwanawe, "Baba Neema, kamfunge jogoo." Alivyotoka akafunga mlango. Akanigeukia, akaanza kunifokea kwa Kipare. Mimi ni Mgweno wa Ngujini, mnajua, niliolewa huku. Miaka yote tunaelewana kwa Kiswahili, Kipare anakihifadhi kwa ajili ya ng'ombe na hasira. Alifoka mpaka akachoka. Ndipo akarudi kwenye Kiswahili.

"Umenifanya nikuchukie bure. Nimekusema kwa Mungu, nimekusema kwa mwanangu, nimekusema mpaka kwa muuza dagaa. Nimekutazama unabeba kikapu cha mtoto nikatukana moyoni, tena njiani kwenda kanisani! Kumbe umekatwa. Ungeniambia si ningebeba mimi?"

"Niliogopa, mama."

"Ulimwogopa nani?"

"Nyie wote. Mngeanza kunizika."

Nilidhani atanifokea tena. Akakaa kwenye kigoda. Kimfuko bado anacho mkononi, anakibonyeza bonyeza. Akakiweka mezani, akafungua vifungo vya gauni lake.

"Lete mkono wako," akasema.

Akauchukua, akauingiza ndani, chini ya kwapa lake la kulia. Akausogeza kidogo. Akaubonyeza.

"Hiki je?"

Nyie mnajua vidole vyangu vilijua kabla yangu. Kivimbe kidogo, kigumu, kimetulia.

"Mama! Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaenda Dar."

"Na hukusema? Kwa nini hukusema?"

Akakichukua kimfuko pale mezani, akaniwekea kiganjani. Nikashusha macho.

Basi kesho alfajiri tunashuka Same hospitalini, mimi na yeye, na lori la ndizi. Huenda ni tezi tu. Wengi wanakuwa nacho na si kitu, nimemwambia hivyo. Nimemwambia pia kuhusu nyie, jinsi tulivyokuwa tunachekeshana wodini, na mkono ukutani, na ganzi, na sufi inavyopanda. Alisikiliza kila kitu. Mimi mwenyewe sijui itakuwaje. Nina hofu ambayo sikuwa nayo hata kwa ajili yangu.

Na tangu turudi watu wanapita. Mchungaji amekuja kuomba radhi, na mimi nikamwomba radhi yeye, tukashindwa kujua nani anasamehe nani. Mzee Eliakimu ametuma mkewe, mwenyewe anasema hawezi kunitazama usoni. Hakuna aliyekuja kuchukua kitambaa chake. Mmoja kaleta kingine.

Jioni hii nimekaa kwenye cherehani nairudishia sidiria mfuko wake, safari hii kwa khanga laini, mshono nje. Mama mkwe yuko pembeni anapepeta, ananitazama kazi. Nikamsikia ananiita.

"Mama Neema."

"Bee, mama."

"Wakinikata na mimi, usinijazie maharage."

Mkono ulisimama kwenye gurudumu. "Nikujazie nini, mama?"

"Mchele. Nikipigwa mnada, siuzwi elfu moja mimi."

Akaanza kucheka peke yake, mpaka ungo ukamwaga. Basi na nyie nawaruhusu mcheke, lakini kidogo, na mtuombee.